Nipe Habari za Vyura

4 Juni

Mdogo wangu,

Nimefika salama, mgongo tu ndio unaolalamika. Mwanangu, mpwa wako, nimemkuta kitandani, amenenepa uso, amekonda mikono. Daktari amemkataza hata kunyanyua birika mpaka ajifungue, na mumewe yuko kazini kutwa, kwa hiyo nipo hapa mpaka Agosti, Mungu akipenda. Wanakaa ghorofa ya sita. Lifti ni pambo. Nikishuka kutupa taka, napanda tena nikiwa nimesahau nilishuka kufanya nini.

Naandika kwa sababu simu nimeshindwa nayo. Nimekupigia mara tatu. Ya kwanza hukupokea. Ya pili ulipokea ukasema, "Ndiyo, ndiyo, vizuri sana," na mimi nilikuwa nimekuuliza ufunguo wa stoo umeuweka wapi. Ya tatu nilikwambia mpwa wako ni mgonjwa, ukanipa hongera. Unasema ni mtandao. Haya, na tuseme ni mtandao. Dereva wa lori linalobeba vitambaa vyangu anapita huko kila wiki, basi yeye ndiye posta wetu.

Karakana nimekuachia wewe kwa sababu tangu ile mashine ya kusaga iuzwe unazunguka nyumba kama kuku anayetaka kutaga. Mtu aliyesimamia mashine miaka thelathini hawezi kushindwa na mapipa sita ya rangi. Wale akina mama wawili wanaotia rangi wanajua kila kitu, usiwafundishe. Wewe fungua asubuhi, funga jioni, angalia kuni zisiishe, na maji ya kusuuza vitambaa yamwagwe mtaroni kama siku zote.

Na kila ukiniandikia, nipe habari za vyura wa kule nyuma, kwenye matete. Jioni wanalia au hawalii? Usinicheke. Nimezizoea kelele zao, na hapa jioni nasikia honi tu.

Msalimie jirani yangu wa mabwawa.

Dada yako


13 Juni

Dada,

Barua imefika ina alama ya dole gumba la dereva, la oili tupu, kwa hiyo hakuna shaka imepita mikononi mwake.

Huku hakuna kilichoungua. Wale mama wananiita Meneja, na nikiwageuzia mgongo nikageuka tena ghafla nakuta mabega yanacheka. Juzi nilijaribu kukoroga pipa la bluu. Sasa nina mkono mmoja wa bluu mpaka kwenye kiwiko, na watu wa njiani wananisalimia kwa heshima mpya, nadhani wanahisi nina ugonjwa.

Vyura wako wapo, wanalia mpaka naziba masikio. Jana nilitaka kuwatupia kiatu.

Jirani anakusalimu. Anakuja kila siku saa kumi akishalisha samaki wake, ubao wa drafti kwapani na mfuko wa vizibo vya soda mkononi. Ananifunga kila siku. Nikwambie kweli, dada, tangu mashine iuzwe, hii ndiyo saa pekee ya siku ninayoingojea. Yule mama hana maneno mengi. Ananyoosha kidole, anatabasamu, anakula kete zangu tatu kwa mkupuo. Tangu afiwe na mumewe, mabwawa ni yeye na jembe lake tu, na hajanung'unika hata siku moja. Ana mabwawa matatu sasa, yote yanachota kwenye kijito hiki hiki kinachopita nyuma yetu, na mwezi huu ameweka vifaranga wapya wa perege. Anawazungumzia kama watoto wa darasa la kwanza.

Jambo moja nimeliona: hapa huna pa kuanika. Vitambaa vimening'inia hadi juu ya mlango wa choo, napita nimeinama kama mwizi. Nina wazo. Sikwambii. Ukirudi utaniita Meneja bila kucheka.

Mdogo wako mwenye mkono wa bluu


24 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma hospitalini, kwenye benchi. Nilicheka peke yangu mpaka muuguzi akaja kuniangalia. Mpwa wako alitokwa na damu Jumapili. Imesimama, na moyo wa mtoto unapiga, nimeusikia mwenyewe kwenye kile kimashine, mbio mbio. Tumeambiwa tukae naye wiki moja. Niombee, kwa sababu mimi mbele yake najifanya chuma, kisha naingia chooni nalia.

Vyura wanalia, basi nimeshukuru. Hilo likiwa sawa, mengine nitayavumilia.

Nyuma ya hospitali unapita mto. Wameujengea kuta za zege pande zote mbili na sakafu ya zege chini, maji yanapita mbio, hayamsalimii mtu. Hakuna jani, hakuna ndege, hakuna hata mdudu wa kukuuma. Nilisimama pale nikaona uchungu, sijui kwa nini, au ni uchovu tu.

Wazo lako nadhani ni banda la kuanikia. Ukipaua, usiweke mabati ya rangi, yanachuja yakipigwa na jua, na mteja akiona hivyo atafikiri na vitambaa vyangu vinachuja.

Dada yako


12 Julai

Dada,

Pole na hospitali. Nimekuombea, na kila nikiombea mtoto namwombea na mama yake, na wewe nakuunga mkiani.

Nina habari nzuri na habari mbaya. Nianze na nzuri, maana nimeshindwa kuificha zaidi.

Una uwanja wa kuanikia! Si banda, ni uwanja. Lile pori la matete la nyuma nimelifyeka lote. Siku tisa, mimi na panga na kibarua mmoja. Nimeyachoma, nimesawazisha tope kwa kifusi, na ule mtaro wako uliokuwa ukijimwaga kwenye kinamasi na kupotea, nimeuchimba upya, umenyooka kama rula, nimeutandika mawe mpaka kijitoni. Sasa maji ya rangi yakimwagwa, ukihesabu hadi hamsini yameshaondoka. Nimesimika nguzo kumi na mbili na kamba. Wiki iliyopita tulianika oda nzima ya vitenge siku moja. Wale mama hawakucheka. Nilifurahi, dada, nikajiona bado naweza kujenga kitu.

Ila mbu sielewi. Nilifyeka ili waishe, na sasa ndio wamezidi. Labda wana hasira.

Habari mbaya ni ya jirani. Samaki wake wanakufa. Ilianza kama siku kumi na mbili hivi zilizopita. Asubuhi wanakuja juu, wanafungua vinywa kama wanaoomba maji, na saa nne wameshapinduka. Bwawa la kwanza limekwisha lote, la pili nusu. Nimemsaidia kuwazika. Anasema ni vifaranga, kwamba yule muuzaji mwenye pikipiki na matangi amemletea ugonjwa. Hakulia. Alikaa ukingoni anaosha ndoo moja ile ile, anaiosha tena. Saa kumi alikuja na drafti kama kawaida, nikamfunga kwa mara ya kwanza, na sikupata raha yoyote.

Vyura hawajambo, wanalia.

Mdogo wako


18 Julai

Mdogo wangu,

Umefanya nini? Umefanya nini, baba?

Usinijibu kwanza. Ukimaliza kusoma mstari huu nenda ukazibe ule mtaro. Sasa hivi. Ziba kwa magunia ya mchanga, kwa udongo, kwa mlango wa stoo ukibidi. Wape wale mama likizo. Lisikorogwe pipa hata moja. Maji yaliyobaki yatie kwenye mashimo mbali na kijito. Kisha rudi ukae, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu.

Miaka kumi na minne iliyopita, karakana ikiwa na mapipa mawili, nilipata oda yangu kubwa ya kwanza, sare za shule. Kijani. Nilitia rangi wiki tatu bila kupumzika. Nyuma hapakuwa na matete wakati ule, aliyeniuzia kiwanja alikuwa amefyeka pote, na maji yangu yalikwenda moja kwa moja kijitoni. Asubuhi moja jirani na mumewe wakaamka, samaki wao wote wanaelea. Lilikuwa bwawa lao la kwanza. Nilikwenda kuwapa pole. Nilishika ndoo nikaokota nao. Na mikono yangu ilikuwa na kijani kile kile kilichoshika kwenye ukingo wa bwawa, ambacho wao walidhani ni mwani, mdogo wangu, kwa hiyo nilivaa glavu.

Sikusema. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho yake nikasema kesho.

Nilichofanya ni kwenda ofisi ya maji nikauliza, nikijifanya ni habari za rafiki yangu. Bwana mmoja pale alinieleza kwa subira. Maji ya rangi na magadi yakiingia bwawani yanazuia jua. Ile mimea midogo ya kijani iliyomo majini hailishwi na kitu kingine ila jua, na ndiyo inayotengeneza hewa ambayo samaki anavuta. Ikifa, inaoza, na kuoza kwenyewe kunamaliza hewa iliyobaki. Samaki anakufa kwa kukosa pumzi ndani ya maji tele. Hapo ndipo akaniambia kuhusu matete. Wewe ni mtu wa mashine, utaelewa: matete ni chekecheke. Maji yakiingia mle yanatembea polepole, siku nne, siku tano. Tope linashika rangi, na kwenye mizizi wanaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, kazi yao ni kula uchafu. Yanayotoka upande wa pili samaki anaweza kuyanywa. Wewe umechomoa chekecheke ukasema mashine sasa inakwenda haraka.

Niliyapanda kwa mikono yangu, mche mmoja mmoja. Watu walisema nimekuwa mvivu wa kufyeka, nikawaacha waseme. Mwaka wa pili vyura wakaja, na kereng'ende, na wale ndege wadogo wa manjano. Hao ndio waliokuwa wakila mbu, kuanzia wakiwa viluwiluwi majini mpaka wakiruka. Umewafukuza askari, sasa unashangaa wezi wamezidi.

Na chura hana ngozi ya kumkinga, anayanywa maji kwa mwili wote. Maji yakiharibika, yeye ndiye wa kwanza kufa au kuhama. Kipimo kingine sina. Ndiyo maana nikakuuliza, kila barua. Nawe kila barua ukaniambia wanalia. Wanalia wako wapi, ikiwa umewafyekea nyumba na kuichoma moto? Niambie ukweli.

Mizizi kama hukuing'oa, itachipua. Ondoa kifusi.

Lakini jirani usimwambie kitu. Nakusihi. Mtoto akizaliwa nitakuja nimwambie mwenyewe. Miaka kumi na minne ananiita dada. Usiniharibie kwa kumwonyesha karatasi hii.

Dada yako


27 Julai

Dada,

Mtaro niliuziba kabla sijamaliza ukurasa wa pili. Wale mama nimewapa likizo, mmoja amelia akidhani nimemfukuza. Kifusi nakitoa kwa toroli. Mizizi ipo.

Umeniuliza kama vyura wanalia. Sijui. Sijawasikia tangu kabla mashine haijauzwa. Sikio la kushoto lilikufa miaka sita iliyopita, la kulia limezimika mwaka jana, kidogo kidogo, leo sauti ya mtoto, kesho sauti ya kengele. Miaka thelathini ya mashine si mchezo. Simu yangu haina tatizo la mtandao. Naona midomo ya watu, naotea, nasema ndiyo. Wewe nilikuficha kwa sababu uliniachia karakana, na niliogopa ukijua utasema huyu hafai kuachiwa hata paka. Nikaandika kwamba wanalia kwa sababu ndivyo nilivyowaacha siku za mwisho nilipowasikia. Niliona ni uongo mdogo, wa kumfurahisha mtu aliye mbali. Katika karakana nzima uliniuliza jambo moja tu, na likawa hilo nisiloliweza. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kifo kimekuja, ila kimekwenda kwa samaki wa mwenzangu.

Sasa la pili. Ulinisihi nisimwambie. Nimemwambia.

Usinikasirikie mpaka umalize. Jumanne yule muuza vifaranga alikuja na pikipiki yake. Habari zilikuwa zimeshaenea kwamba anauza ugonjwa. Wafugaji wengine watatu walikuwa wanamngoja njiani. Hawakumpiga, lakini walifungua matangi yake wakayamwaga barabarani. Vifaranga mia kadhaa, dada, wakirukaruka kwenye vumbi, na yeye amepiga magoti anawazoa kwa viganja anawarudisha kwenye tone la maji lililobaki. Sikusikia alichokuwa anasema. Niliona mdomo wake tu, ulikuwa unasema neno moja, tena na tena. Nadhani ni "wazima, wazima".

Nilirudi nikakaa. Nikajiambia nimngoje dada mpaka Agosti. Nikaona nikingoja mpaka Agosti nami nitaanza kuvaa glavu. Nisamehe, lakini ndivyo nilivyojiambia.

Saa kumi akaja. Akapanga vizibo. Nikachukua karatasi ya oda, nyuma yake nikaandika: Samaki wako nimewaua mimi. Nilifyeka matete, maji ya rangi yakaja kwako. Yule bwana hana kosa. Akasoma. Akasoma tena, kidole kinafuata mstari. Kisha akaokota vizibo vyake, kimoja kimoja, akavitia mfukoni, akachukua ubao, akaondoka. Hakunitazama.

Leo ni siku ya sita. Hajaja. Saa kumi ikifika naweka viti viwili, halafu naona aibu naondoa kimoja.

La kwako sikulitaja. Hilo ni lako.

Ndugu yako kiziwi


6 Agosti

Jirani yangu,

Mjukuu wangu amezaliwa juzi, msichana, mdogo kama mkate, lakini anapumua vizuri. Nakwambia kwa sababu ulikuwa ukimuulizia. Lakini barua hii si ya habari hiyo.

Mdogo wangu amekwambia samaki wako amewaua yeye. Ni kweli, ila amekosa kwa kutojua, na aliyemnyima kujua ni mimi. Nilimwachia karakana bila kumwambia matete ni ya nini. Sikumwambia kwa sababu ningemwambia ya nini, angeniuliza nimejuaje.

Nimejua kwa sababu wale samaki wenu wa kwanza, miaka kumi na minne iliyopita, niliwaua mimi. Zilikuwa sare za shule. Siku ile niliyokuja na ndoo, nilikuwa najua. Mumeo aliniambia, "Ahsante, jirani, umekuwa mtu," nami nikaitikia. Nimeisikia ile ahsante kila siku tangu hapo.

Nilipanda matete nikajiambia yanatosha. Nilikuwa nikisikia vyura wanalia, nasema haya, deni la moyo linapungua. Sasa naona nilikuwa najisamehe mwenyewe nyuma ya nyumba, wakati mwenye kusamehe yuko hatua mia mbili na hajaulizwa.

Sina utetezi. Niliogopa utaacha kuniita dada. Mengine yote ni maelezo.

Mwanangu akishaweza kushika mtoto mwenyewe nitarudi, wiki mbili hivi. Ukinifungia mlango nitaelewa. Mdogo wangu usimfungie. Yeye alisema baada ya siku chache, mimi nimekaa miaka kumi na minne.

Jirani yako mtia rangi


19 Agosti

Jirani,

Hongera ya mjukuu. Akue.

Mimi si mwandishi, nitasema kama ninavyojua. Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya gunia la chakula cha samaki. Siku tatu sikuigusa. Ya nne nikaitoa, nikaisoma tena nikiwa nimekaa.

Nimekwenda kwa muuza vifaranga. Nilimkosea kwa mdomo, kwa hiyo nilimtaka radhi kwa mdomo, mbele ya mkewe. Alinisikiliza amesimama mlangoni, hakunipa kiti. Ana haki. Nimewapitia pia wale watatu waliomwaga matangi yake, nikawaambia kosa lilitoka wapi. Mmoja alitaka kwenda karakanani na shoka. Nikamwambia wenye karakana wenyewe wameshasema, wewe ya kwako uliwahi kwenda kuyasema wapi? Akarudisha shoka ndani. Anaoshea pampu yake ya kupulizia dawa kijitoni, sote tunajua.

Ndugu yako. Kila alfajiri namwona yuko kwenye tope mpaka magotini, anatoa kifusi chake mwenyewe. Matete yameanza kutoa ncha. Yeye hanioni. Nilikuwa na hasira naye, nikasema acha achimbe. Lakini kuna jambo nami nataka kulisema, maana siwezi kukudai ukweli mimi nikabakiza wangu. Vyura niliwasikia walivyonyamaza. Ilikuwa jioni ya pili tu baada ya yeye kufyeka, kimya kama nyumba iliyohamwa. Nikataka kumwambia pale kwenye drafti. Halafu nikaona si vizuri kumzungumzia kiziwi habari za sauti, nitamtonesha. Ndiyo, najua kwamba hasikii, nilijua tangu wiki ya kwanza. Nikanyamaza kwa wema. Ningesema siku ile, pengine bwawa la pili lingepona. Kwa hiyo tuko watatu.

Jana nilikwenda pale na ubao. Nilimwandikia kwenye karatasi yake ya oda: Kuanzia leo mambo ya masikio niulize mimi. Alisoma, akafuta uso kwa ule mkono wa bluu, sasa na uso nao ni wa bluu. Tumecheza. Nimemfunga mara nne. Perege wamekwisha, ila kambare wangu sita wa bwawa la tatu wamepona, wale huvuta hewa ya juu. Nitaanza nao. Hasira yangu kwake imekwisha.

Kwako haijakwisha. Sitakudanganya, na sijui itachukua muda gani. Samaki wangu si neno, samaki huzaa. Nakuambia lililo neno.

Mwaka ule mume wangu alikuwa ametia bwawani chokaa ya kutibu maji, siku nne kabla. Alipima kwa kopo la rangi la zamani. Samaki walipokufa akasema amezidisha. Nikamwambia haiwezekani. Akasema ni mimi, nilizidisha. Tangu siku ile hakutia tena kitu majini kwa mkono wake. Miaka tisa. Alikuwa anakaa ukingoni ameshika kopo, mtu mzima, ananiuliza, "Mama, nitie au nisitie?" Watu walidhani amekuwa mzembe, ndugu zake walimcheka, na mimi kuna siku nilimcheka. Alipokuwa kitandani mara ya mwisho, wiki ile aliyoniacha, alinishika mkono akasema nimsamehe kwa wale samaki. Nikamwambia nimeshakusamehe zamani. Umenifanya nimsamehe mtu asiye na kosa, jirani, na akafa ameupokea msamaha wangu kama mwenye kosa.

Siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Yangu nitaona mbele ya safari.

Njoo. Ukishuka kwenye lori, usianzie nyumbani kwako. Nitakungoja pale njia inapogawanyika. Twende kaburini kwake wote wawili. Mimi nitasimama nyuma yako, utasema wewe. Sema kwa sauti, usinong'one. Mwambie chokaa aliipima sawasawa.

Jirani yako